Mama Hakiki na Faili la Msaada

Kazini walimwita Mama Hakiki, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kumtazamia mtu anayemweleza jambo ambalo bado hajalisadiki. Ukimwambia kesho ni Jumanne, angekuitikia vizuri tu, "Sawa, mwenzangu," kisha angeinuka kwenda kuitazama kalenda.

Hakuzaliwa hivyo. Kabla ya kuingia kwenye mambo ya kompyuta alikuwa mtoa dawa katika zahanati, miaka kumi na minane mbele ya dirisha moja. Siku moja ilikuja shehena mpya ya dawa ya maji ya watoto. Boksi lile lile, rangi ile ile, picha ile ile ya mtoto anayecheka. Kumbe nguvu ya dawa ilikuwa imeongezwa mara mbili, na habari hiyo iliandikwa kwenye kikaratasi cha ndani peke yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Yeye aliliamini boksi. Mtoto aliyepewa dawa hiyo alilala wodini siku mbili, akaamka mzima, na mama yake akamshukuru kila mtu mpaka mfagizi. Mtoa dawa alipokea shukrani zile akijua hazistahili. Kuanzia hapo hakuliamini boksi lolote tena, na kidogo kidogo ugonjwa huo ukahama kwenye maboksi ukaingia kwa watu.

Magoti yalipomkatalia kusimama kutwa nzima, akapata kazi katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za dawa. Vijana wa pale walijua kompyuta kama walivyojua viganja vyao, ila hawakujua dirisha la dawa lina foleni ya namna gani saa tatu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuandika msaada, yaani zile kurasa zinazofunguka mtumiaji akikwama na kubonyeza alama ya kuuliza. Kwa miaka tisa aliandika kurasa mia tatu na kumi na mbili, na hakuna hata moja aliyoitoa kabla ya kuifuata mwenyewe hatua kwa hatua, kidole juu ya kioo.

Kurasa zote hizo zilikaa ndani ya faili moja lililobanwa, mtindo wa zamani, lililosafiri pamoja na programu na kulala ndani ya kila kompyuta. Faili hilo lilikuwa na uzuri wake, kwa kuwa halikuhitaji mtandao. Lilikuwa na kisirani chake pia. Ukiliweka kwenye kompyuta ya pamoja ili wengine walifungue kutoka vyumba vyao, lilionyesha orodha ya mada upande wa kushoto, na upande wa kulia weupe mtupu, maana mashine haikukubali kufungua kurasa zilizotoka kwa mashine nyingine. Zahanati zilipiga simu: "Mama, msaada wenu umetoka mweupe kama shuka!" Naye aliwaelekeza namna ya kulihamishia faili kwenye kompyuta yao wenyewe, huku moyoni akisema kwamba mashine isiyoamini vitu vya kuletewa ina akili kuliko watu wengi.

Basi mkurugenzi, mwanamama wa miaka arobaini aliyekuwa akitembea huku anaongea na simu, akatangaza kwamba programu nzima inahamia mtandaoni. Watumiaji wangeifungua kwenye kivinjari kama wanavyofungua barua pepe. Faili la zamani lisingeweza kufuata huko.

"Msaada nao lazima ubadilishe umbo," alisema. "Mama Hakiki, njia ziko tatu. Kitabu kimoja cha pidiefu, au kurasa za wavuti tuzitunze wenyewe, au tuchukue huduma ya kampuni ya nje, tuwakabidhi wao kila kitu. Tuna wiki tatu za kuamua."

Pidiefu aliitoa siku ile ile. Mtoa dawa mwenye watu ishirini mbele yake hawezi kupekua kurasa mia tatu na zaidi. Tena mtu akishakipakua kitabu, hakibadiliki tena, na atakuwa anasoma maelekezo ya mwaka juzi akidhani ni ya leo. Kwake hilo lilikuwa boksi la mtoto anayecheka kwa mara ya pili.

Zilibaki mbili, na hapo ndipo alipoingia muuzaji.

Alikuja Jumatatu, ametoka kwenye kampuni hiyo ya nje, amevaa shati lililopigwa pasi likawa na kona kama bahasha. Aliwasalimia wote kwa majina yao, na Mama Hakiki alijiuliza ameyapata wapi. Alifungua kompyuta yake akawaonyesha huduma yao. Unaandika mara moja, inatoka kwenye simu, inatoka kwenye kompyuta, inatafuta maneno yenyewe, na inakuhesabia nani amesoma nini. Kila swali lilikuwa na jibu, na kila jibu lilianza na "Bila shaka."

"Maandishi yetu yatakaa katika umbo gani?" aliuliza Mama Hakiki.

"Bila shaka katika umbo letu maalumu, mama. Ni bora kuliko ya kawaida."

"Na siku tukitaka kuondoka?"

Muuzaji akacheka kwa adabu. "Mama, hakuna aliyewahi kutaka."

Vijana wa programu wakacheka naye. Mama Hakiki alivaa ile miwani yake ya pili. Kizuri chajiuza, alijisemea, kibaya chajitembeza, na huyu ametembea mpaka mlangoni kwetu. Tena kuingia harusi, kutoka matanga. Alimwandikia mkurugenzi ujumbe akisema wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mkurugenzi akamjibu kwa neno moja: "Nimekusikia." Nalo hakujua alichukulieje.

Sasa palikuwa na mtu mmoja pale kazini ambaye Mama Hakiki hakumshuku, au alidhani hamshuku. Huyo ni Fundi Seva, mtunzaji wa mitambo, mwanaume mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba cha baridi chenye feni zinazovuma mchana kutwa. Kila siku saa nne walikunywa chai pamoja kwenye baraza dogo la nyuma. Mbali na mumewe, ni yeye tu aliyewahi kusimuliwa habari za yule mtoto.

Jumatano ya wiki ile saa nne ilifika, Fundi Seva hakuonekana. Mama Hakiki alikunywa chai peke yake, kisha akashuka kununua vocha. Akamwona. Alikuwa ameketi ndani ya mkahawa wa mkabala, kichwa kwa kichwa na muuzaji, kompyuta katikati yao. Alipoingia kuwasalimia, Fundi Seva akaifunika kompyuta.

"Habari za hapa?" aliuliza.

"Nzuri," alisema Fundi Seva, akatazama kikombe chake.

"Tunafahamiana tu, mama," aliongeza muuzaji, ambaye hakuulizwa.

Neno hilo likamkaa kama mwiba wa samaki. Alirudi kwenye meza yake, akafungua folda ya kurasa mpya alizokuwa akiziandaa kwa ajili ya huko mtandaoni, zile ambazo bado hazijatoka kwa mtu yeyote. Akakagua tarehe. Ukurasa wa kurekebisha dozi iliyoandikwa kimakosa ulionyesha kwamba ulifunguliwa jana saa kumi na moja jioni. Saa hiyo yeye alikuwa nyumbani anamenya viazi.

Folda ile ilikuwa na funguo tatu: yake, ya Fundi Seva, na ya mkurugenzi. Na mkurugenzi, kwa miaka yote hiyo, hajawahi kujua hata folda iko wapi.

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa fundi cherehani na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Mumewe alisikiliza, pini mdomoni, mpaka mwisho. Kisha akazitoa pini.

"Mke wangu, umemuuliza?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Bado hajawa mwizi. Umemkata suruali kabla ya kumpima."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu.

"Hata chawa," alisema mumewe, "mtu humtafuta kwanza kwa macho."

Hakumsikiliza. Kesho yake alitega mtego. Kwenye ukurasa ule ule palikuwa na mgonjwa wa mfano, mtu mzima wa kilo sitini na moja. Kuharibu maelekezo ya dawa asingeweza, hata kwa mtego, mkono ungemkauka. Akabadilisha uzito peke yake: kilo sitini na moja na robo. Mizani gani ya zahanati inasoma robo? Ilikuwa alama isiyodhuru mtu, na hakuna mwingine duniani ambaye angeiandika. Akahifadhi, akafunga, akasubiri.

Hizo siku za kusubiri hazikuwa nzuri. Aliendelea kunywa chai na Fundi Seva, lakini maneno aliyapima kama dawa ya sumu. Alipoulizwa kazi inaendaje, alijibu, "Inaenda." Fundi Seva alipotaja kwamba umbo la kampuni ile "lina mambo," akamkazia macho.

"Mambo gani?"

"Bado naangalia. Nikimaliza nitakwambia."

Anavuta muda, alifikiri. Alianza kufunga droo yake kwa ufunguo. Akaanza kugeuza kioo cha kompyuta yake kitazame ukutani kila mtu alipopita, mpaka kijana mmoja wa programu akamtania, "Mama, unaficha mchumba humo?" Wote walicheka isipokuwa yeye.

Wiki ya pili muuzaji alirudi, safari hii na onyesho kamili. Wote walikusanyika kwenye chumba cha mikutano, pazia likavutwa, ukutani ikatokea picha kubwa. "Ili msione mifano ya kubuni," alisema, "leo nimetumia kazi yenu wenyewe." Akabonyeza. Ukatokea ukurasa wa kurekebisha dozi, umepambwa rangi ya samawati. Na pale katikati, mgonjwa wa mfano: kilo sitini na moja na robo.

Mama Hakiki alisikia masikio yanapata moto. Alimtazama Fundi Seva aliyekaa karibu na mlango, na Fundi Seva, kwa kutaka au kwa kutojua, aliinamisha kichwa.

Mkutano ulipokwisha alimfuata mpaka chumba cha baridi, akafunga mlango. Feni zilivuma kiasi kwamba ilibidi apaze sauti, na pengine hilo ndilo lililoyafanya maneno yatoke makali kuliko alivyokusudia.

"Amekuahidi nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ukurasa ule uko kwenye folda yenye funguo tatu. Ninakuona naye mkahawani, unafunika kompyuta kama mtu anayeficha sahani. Kazi yangu ya miaka tisa umempa mtu baki, wewe, niliyekuambia mambo yangu!"

Fundi Seva alibaki amesimama katikati ya mitambo yake. Alikuwa mtu ambaye hasira yake ilikwenda chini badala ya kwenda juu.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Jibu kwanza."

"Sijampa ukurasa hata mmoja." Akalifikia koti lake nyuma ya mlango. "Na mkahawani nilifunika kompyuta kwa sababu nakujua. Ungeona nusu ya mambo, halafu nusu nyingine ungeijaza mwenyewe."

Akatoka. Mama Hakiki alibaki pale baridi ikimwingia mifupani, anajiambia kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi kushtaki. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu kama kawaida yake, akamwashiria akae. Alipomaliza alimsikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana, si kwa hasira bali kwa kutoelewa.

"Lakini mama, ukurasa huo nilimpa mimi."

"Wewe?"

"Aliniomba mifano ya kweli. Wiki iliyopita niliingia kwenye ile folda jioni, nikachungulia. Ijumaa nikampelekea kurasa nne. Si ndiyo kazi yetu? Nimekosea wapi?" Kisha akaongeza kwa upole, "Nilijua ungekataa, kwa hiyo sikukuambia. Hapo ndipo nilipokosea."

Mama Hakiki alishuka ngazi akishika ukuta. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Alikuwa akiisikia methali hiyo tangu utotoni, na leo kidole kilichonaswa ni cha rafiki yake. Alipofika mezani kwake alikuta bahasha ya kaki haina hata jina. Ndani palikuwa na karatasi kumi na moja zilizochapwa, na juu ya ile ya kwanza mwandiko mkubwa wa Fundi Seva: "Hivi ndivyo kazi yako itakavyotoka siku tukitaka kuondoka kwao."

Ilikuwa kazi yake ya siku zile zote. Alikuwa amejifungulia akaunti ya majaribio kwenye huduma ile, akaandika humo maelekezo ya kubuni yenye hatua na majedwali kama ya Mama Hakiki, kisha akamganda muuzaji mara tatu mpaka akamwonyesha mahali pa kuyatolea. Yalitoka, ndiyo. Picha zilitoka zimepewa namba zisizo na mpangilio. Viungo vilielekeza kusikokuwepo. Lakini lililomfanya Mama Hakiki aketi chini ni orodha ya hatua. Yeye huandika: moja, angalia jina la mgonjwa. Mbili, angalia uzito. Tatu, ndipo uandike dozi. Hapa zote zilikuwa moja, moja, moja, na ya kuandika dozi imepanda juu.

Alizisoma karatasi zile mara mbili, kisha akalia kidogo, kimya kimya, akiwa amegeukia ukuta ambao kioo chake kilikuwa kikiutazama wiki nzima.

Kwenye kikao cha uamuzi aliziweka mezani mbele ya muuzaji. "Kazi hii si yangu, ni ya Fundi Seva," alisema kwanza, ili kila mtu asikie. "Nataka uniambie mpangilio wa hatua umekwenda wapi."

Muuzaji alizitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza hakuanza na "Bila shaka." "Toleo lijalo litarekebisha hilo," alisema.

"Linatoka lini?"

"Siwezi kutaja tarehe, mama."

Hata leo Mama Hakiki hajui kama mtu yule alikuwa mdanganyifu, au alikuwa anauza tu kitu ambacho hajawahi kukigeuza nyuma akakitazama mgongo. Mkurugenzi alichagua kurasa za kawaida za wavuti, faili za maandishi ambazo kivinjari chochote kinafungua, zikae kwenye seva yao wenyewe. Mama Hakiki aliongeza sharti moja: kila zahanati iwekewe nakala ndani ya kompyuta yake, ijisasishe yenyewe mtandao ukiwepo, na juu ya kila ukurasa iandikwe tarehe kwa herufi kubwa. Kazi ya kuhamisha kurasa mia tatu na kumi na mbili ilichukua miezi minne.

Fundi Seva aliisimamia kwa uaminifu, ila saa nne hakufika barazani. Mama Hakiki alikuwa amekwenda kumwomba radhi siku ya pili baada ya kikao. Alisimama mlangoni pa chumba cha baridi akasema, "Nimekukosea, kaka. Sina la kujitetea."

"Nimesikia," alisema Fundi Seva bila kugeuka. "Yamekwisha."

Lakini wote wawili walijua kwamba hayajakwisha; yamesemwa tu. Mumewe alimshauri asimbane. "Nguo iliyochanika pabaya," alisema, "haishonwi kwa haraka. Ukivuta uzi, itafunguka yote." Safari hii alimsikiliza. Alikunywa chai yake peke yake, akijitahidi asihesabu siku.

Mwezi wa tano tangu kikao alitumwa kuzungukia zahanati kuona msaada mpya unatumikaje. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko, chumba cha dawa chenye dirisha la nondo, foleni mpaka nje. Ndani alikuwapo mtoa dawa, msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu. Mama Hakiki alijieleza, akaomba asimame nyuma yake atazame tu.

Msichana alimpima kutoka miguuni hadi kichwani. "Umetumwa na nani?"

"Na kampuni ya programu, mwanangu. Mimi ndiye ninayeandika msaada."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Hiki ni chumba cha dawa. Kitambulisho?"

Alikitoa. Msichana akakigeuza nyuma, akakikwaruza kwa ukucha, akalinganisha picha na uso. "Hapa huna miwani," alisema. "Ngoja nipige simu. Na si namba iliyoandikwa hapa, maana hata hii unaweza kuwa umeiandika wewe." Akaitafuta namba ya kampuni kwenye programu yenyewe, akapiga, akaweka sauti ya nje. Watu wa foleni walinyamaza wasikilize.

Simu iliita mara nne. Aliyepokea alikuwa Fundi Seva.

"Kuna mama hapa mfupi, ana miwani mbili," alisema msichana, "anasema ni mtu wenu. Unamfahamu?"

Kwenye simu ulisikika mvumo wa feni. Mama Hakiki alitazama sakafu.

"Namfahamu," ilisema sauti nzito. "Miaka tisa sasa. Mwache aingie, umwamini. Ila ukiwa na kikombe cha chai hapo, mpe. Leo ametoka asubuhi bila kunywa."

Msichana alikata simu, akafungua komeo la mlango, akamvutia kiti karibu na kompyuta. Kisha akamwita mgonjwa wa kwanza.